Mwongozo kamili: kuichambua namba 31,536,000 kwa mkono

Mwaka wa siku 365 una sekunde 31,536,000. Kwa maneno ni milioni thelathini na moja, laki tano na elfu thelathini na sita. Ukiuliza namba hii ina vigawo vingapi, majibu matatu yasiyo sahihi hujirudia: 63, 128 na 192. Jibu sahihi ni 256.

Kila kosa kati ya hayo matatu lina mahali pake pa kuzaliwa, na mwongozo huu unapita hapo hapo. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 1 hadi ya 5 zinajenga mchanganuo wa vigawo tasa. Zinazofuata zote zinausoma mchanganuo huo, hivyo kosa la mwanzo litakufuata hadi mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili za miraba. Miraba inakusaidia kupanga tarakimu zisihame safu.
- Kalamu mbili za rangi tofauti: moja ya hesabu, nyingine ya uhakiki.
- Kikokotoo, kwa uhakiki tu. Kile kidogo cha tarakimu 8 kinaiandika 31,536,000 kikiwa kimejaa kabisa, na baadhi ya majibu ya mbele yana tarakimu 9 hadi 11. Kikionyesha E, rudi kwenye karatasi au tumia simu.
- Orodha ya namba tasa zilizo chini ya 100: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97. Zihesabu, ziwe 25.

Muda: kama saa moja na nusu kwa anayefanya mara ya kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha unachambua namba sahihi

365 × 24 = 8,760 (saa)
8,760 × 60 = 525,600 (dakika)
525,600 × 60 = 31,536,000 (sekunde)

Kosa la hapa ni kuzidisha kwa 60 mara moja tu. Ukiwa na tarakimu 6 umeishia kwenye dakika. Namba sahihi ina tarakimu 8 na sifuri tatu mwishoni.

## Hatua ya 2: Ondoa sifuri za mwisho

Sifuri tatu maana yake namba inagawanyika kwa 1,000. Na 1,000 ni 2³ × 5³. Andika pembeni, kwa herufi kubwa:

2³ × 5³, inabaki 31,536

Usiandike 10³ ukaendelea. 10 si namba tasa, na ukiiacha hivyo utaisahau 2 iliyo ndani yake.

31,536 inaishia na 6, kwa hiyo hakuna 5 nyingine. Hesabu ya 5 imefungwa: ziko tatu.

## Hatua ya 3: Toa 2 zote, kisha 3 zote

Chora ngazi. Kushoto weka kigawo, kulia namba inayogawanywa:

2 | 31,536
2 | 15,768
2 | 7,884
2 | 3,942
3 | 1,971
3 | 657
3 | 219
73 | 73
  | 1

Gawanya kwa 2 mpaka upate namba witiri, ndipo uhamie 3. Ukirukaruka kati ya 2 na 3 utapoteza hesabu ya mistari, na hesabu ya mistari ndiyo itakayokuwa kipeo.

Kwa 3, tumia jumla ya tarakimu. 1 + 9 + 7 + 1 = 18, inagawanyika kwa 9, kwa hiyo 1,971 inagawanyika kwa 9. Wengi hufanya 1,971 ÷ 9 = 219, kisha huiangalia 219 na kuiacha kana kwamba ni tasa. Wanaamini kipimo cha 9 kimeshamaliza 3 zote. Hakijamaliza. Kipimo hicho kinakuambia kuna 3 angalau mbili, hakikuambii kuwa hakuna ya tatu. Jumlisha tena: 2 + 1 + 9 = 12, na 12 inagawanyika kwa 3. Ndiyo maana kila baada ya kugawanya unapima upya namba iliyobaki.

Aliyeishia 219 ndiye anayepata vigawo 192.

## Hatua ya 4: Thibitisha kuwa 73 ni tasa

Usiiamini kwa kuwa tu "inaonekana tasa". Sheria ni hii: jaribu namba tasa zote ambazo mraba wake hauzidi namba unayoipima. Mraba wa 7 ni 49, mraba wa 11 ni 121. Kwa hiyo 2, 3, 5 na 7 zinatosha.

- Kwa 2: 73 ni witiri. Haigawanyiki.
- Kwa 3: 7 + 3 = 10. Haigawanyiki.
- Kwa 5: haiishii na 0 wala 5.
- Kwa 7: 7 × 10 = 70, baki 3.

Kwa nini tuishie hapo? Kama 73 ingekuwa zao la namba mbili kubwa kuliko 1, mojawapo isingezidi kipeuo cha pili cha 73, ambacho hakifiki 9. Tumeshajaribu tasa zote za chini ya 9.

Mchanganuo umekamilika:

31,536,000 = 2⁷ × 3³ × 5³ × 73

Kipeo cha 2 ni 7: tatu kutoka kwenye sifuri, nne kutoka kwenye ngazi. Hapa ndipo mtu huandika 2⁴ kwa kusahau zile za Hatua ya 2. Unganisha karatasi zote mbili kabla ya kuandika mstari huu.

## Hatua ya 5: Hakiki mchanganuo kwa njia tatu

Hatua hii huachwa na wengi, nayo ndiyo inayookoa kazi yote.

Kuzidisha kurudi nyuma. 128 × 27 = 3,456. Kisha 3,456 × 125 = 432,000. Kisha 432,000 × 73 = 30,240,000 + 1,296,000 = 31,536,000.

Kuchambua vipande. Namba ilijengwa kwa 365 × 24 × 60 × 60. Vichambue kimoja kimoja: 365 = 5 × 73; 24 = 2³ × 3; 60 = 2² × 3 × 5, na hiyo mara mbili. Jumlisha vipeo vya 2: 3 + 2 + 2 = 7. Vya 3: 1 + 1 + 1 = 3. Vya 5: 1 + 1 + 1 = 3. Inabaki 73 moja. Njia hii haitegemei ngazi kabisa, kwa hiyo zikikubaliana una uhakika wa kweli.

Kipimo cha 11. Anza kulia, toa na jumlisha kwa zamu: 0 − 0 + 0 − 6 + 3 − 5 + 1 − 3 = −10. Ongeza 11, unapata 1. Sasa chukua baki ya kila kipande kikigawanywa kwa 11: 128 inabakiza 7, 27 inabakiza 5, 125 inabakiza 4, 73 inabakiza 7. Zidisha ukipunguza kila mara: 7 × 5 = 35, baki 2; 2 × 4 = 8; 8 × 7 = 56, baki 1. Zimelingana.

Tahadhari: usitumie kipimo cha 9 kuhakiki hapa. Namba inagawanyika kwa 9, kwa hiyo pande zote mbili zitatoa sifuri hata kama umekosea 73 ukaandika 71. Jaribu kipimo cha 11 na 71 uone: 71 inabakiza 5, na 8 × 5 = 40, baki 7. Kosa limeonekana mara moja.

## Hatua ya 6: Hesabu vigawo

Chukua kila kipeo, ongeza 1, kisha zidisha:

(7 + 1) × (3 + 1) × (3 + 1) × (1 + 1) = 8 × 4 × 4 × 2 = 256

Kwa nini kuongeza 1? Kigawo chochote hujengwa kwa kuchagua idadi ya 2 za kuweka, kuanzia hakuna hadi saba. Hayo ni machaguo nane, kwa sababu "hakuna" nalo ni chaguo.

Asiyeongeza 1 anapata 7 × 3 × 3 × 1 = 63. Kosa hili linajisema lenyewe: idadi ya vigawo huwa witiri pale tu namba inapokuwa mraba kamili, na 31,536,000 si mraba (5,615² = 31,528,225, na 5,616² = 31,539,456). Ukiona idadi witiri, rudi nyuma.

Anayeisahau 73 kwa kuwa haina kipeo kilichoandikwa anapata 8 × 4 × 4 = 128. Namba tasa isiyo na kipeo juu yake ina kipeo 1. Kiandike kwa penseli kama kinakusaidia.

## Hatua ya 7: Orodhesha vigawo bila kupoteza hata kimoja

Usianze 1, 2, 3, 4, 5, 6 ukipanda kwa mpangilio wa ukubwa. Kwa vigawo 256 utachoka na kuruka. Anza na vigawo witiri, ambavyo ni 4 × 4 × 2 = 32. Kumi na sita vya kwanza ni hivi, kila mstari ukiwa mara 5 ya uliotangulia:

1, 3, 9, 27
5, 15, 45, 135
25, 75, 225, 675
125, 375, 1,125, 3,375

Zidisha kila kimoja kwa 73:

73, 219, 657, 1,971
365, 1,095, 3,285, 9,855
1,825, 5,475, 16,425, 49,275
9,125, 27,375, 82,125, 246,375

Kisha zidisha jedwali zima kwa 2, kwa 4, kwa 8, na kuendelea hadi 128. Majedwali manane ya namba 32 yanakupa 256.

Uhakiki: kigawo cha mwisho cha jedwali la mwisho ni 246,375 × 128, na lazima kiwe 31,536,000 yenyewe.

Vigawo hutembea wawili wawili, jozi 128, na kila jozi ikizidishwa inatoa namba nzima. Jozi iliyo karibu zaidi na katikati ni 5,475 × 5,760. Tunajua hakuna iliyo karibu zaidi kwa sababu mmoja wa kila jozi lazima awe amebeba 73. Kati ya 5,475 (ambayo ni 73 × 75) na 5,760, vigawe vya 73 ni 73 × 76, 73 × 77 na 73 × 78 tu. Lakini 76 ina 19 ndani, 77 ina 7 na 11, 78 ina 13, na hakuna hata moja kati ya tasa hizo iliyomo kwenye mchanganuo wetu.

## Hatua ya 8: Jumla ya vigawo vyote

Hakuna haja ya kujumlisha namba 256. Kwa kila tasa, jumlisha namba zinazotokana na vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu:

- Kwa 2: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 + 128 = 255
- Kwa 3: 1 + 3 + 9 + 27 = 40
- Kwa 5: 1 + 5 + 25 + 125 = 156
- Kwa 73: 1 + 73 = 74

255 × 40 = 10,200. Kisha × 156 = 1,591,200. Kisha × 74 = 117,748,800.

Ukifungua mabano ya hesabu hiyo, kila kigawo kinajitokeza mara moja tu, ndiyo maana inafaa. Angalia mstari wa 2: jumla lazima iwe pungufu kwa 1 ya 256. Aliyepata 254 ameisahau ile 1 ya mwanzo.

Toa namba yenyewe: 117,748,800 − 31,536,000 = 86,212,800. Hiyo ni jumla ya vigawo vidogo kuliko namba, na inaizidi namba zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa 6 na 28 jumla kama hiyo inalingana kabisa na namba, ndiyo sababu zinaitwa kamilifu. Yetu imepita mbali.

## Hatua ya 9: Miraba na michemraba iliyojificha

Tazama vipeo: 7, 3, 3, 1. Vyote ni witiri. Kwa hiyo ili upate mraba kamili unahitaji kuongeza moja ya kila tasa: 2 × 3 × 5 × 73 = 2,190. Ukizidisha, 31,536,000 × 2,190 = 69,063,840,000, ambayo ni 262,800². Ukigawanya badala yake, 31,536,000 ÷ 2,190 = 14,400 = 120².

Mchemraba mkubwa zaidi ulio ndani ni 2⁶ × 3³ × 5³ = 216,000 = 60³, na namba nzima ni 146 × 60³.

## Hatua ya 10: Je, ni jumla ya miraba miwili?

Sheria: tafuta kila tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4. Kipeo chake lazima kiwe shufwa. Hapa 2 haihusiki, 5 na 73 zinabakiza 1, na 3 inabakiza 3. Kipeo cha 3 ni 3, witiri. Jibu ni hapana, hata ujaribu usiku kucha. 73 peke yake inakubali (8² + 3²), lakini 3 moja iliyozidi imeharibu.

## Hatua ya 11: Namba ngapi hazishirikiani nayo kigawo?

Swali: kuanzia 1 hadi 31,536,000, ni namba ngapi ambazo kigawo chao cha shirika na 31,536,000 ni 1 peke yake? Hii ndiyo fanksheni ya Euler. Kwa lugha ya darasani: ukiandika sehemu zote zenye asili 31,536,000, ni ngapi haziwezi kurahisishwa?

Ondoa hatua kwa hatua, kila mara kutoka kwenye kilichobaki:

- Ondoa nusu (zinazogawanyika kwa 2): zinabaki 15,768,000
- Ondoa theluthi ya hizo: zinabaki 10,512,000
- Ondoa moja ya tano ya hizo: zinabaki 8,409,600
- Ondoa moja ya 73 ya hizo. 8,409,600 ÷ 73 = 115,200, kwa hiyo zinabaki 8,294,400

Makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuondoa nusu mara saba kwa sababu kipeo cha 2 ni 7. Kila tasa inaondolewa mara moja tu, kwa kuwa namba shufwa ni shufwa, iwe na 2 moja au saba. La pili ni kutoa kila kitu kutoka kwenye namba ya mwanzo. Ukifanya hivyo unatoa 15,768,000 + 10,512,000 + 6,307,200 + 432,000 = 33,019,200, na hiyo inazidi ulichokuwa nacho. Vigawe vya 6 umevitoa mara mbili: mara moja na vya 2, mara moja na vya 3.

Uhakiki kwa njia nyingine: 64 × 18 × 100 × 72 = 8,294,400. Kila kipande ni tasa yenye kipeo chake, ukitoa tasa hiyo hiyo yenye kipeo pungufu kwa 1: 128 − 64, 27 − 9, 125 − 25, 73 − 1. Na jibu lenyewe ni mraba kamili, 2,880².

## Zoezi la kujipima: mwaka mrefu

Sasa rudia yote kwa siku 366, yaani sekunde 31,622,400. Fanya peke yako kwanza, kisha linganisha.

Sifuri mbili zinatoa 2² × 5², inabaki 316,224. Gawanya kwa 2 mara sita upate 4,941, kisha kwa 3 mara nne upate 61. Mchanganuo ni 2⁸ × 3⁴ × 5² × 61. Vigawo ni 9 × 5 × 3 × 2 = 270. Jumla yao ni 511 × 121 × 31 × 62 = 118,839,182.

Swali la miraba miwili linageuka hapa. Kipeo cha 3 sasa ni 4, shufwa, na 61 = 6² + 5². Kilichobaki, 2⁸ × 3⁴ × 5², ni 720². Zidisha 6 na 5 kwa 720:

31,622,400 = 4,320² + 3,600²

Ihakiki: 18,662,400 + 12,960,000. Siku moja ya Februari imefungua mlango uliokuwa umefungwa kabisa.

Malizia na fanksheni ya Euler: 31,622,400, kisha 15,811,200, kisha 10,540,800, kisha 8,432,640. Ondoa moja ya 61, ambayo ni 138,240. Unabaki na 8,294,400.

Usifute, hujanakili jibu la mwaka wa kawaida kwa bahati mbaya. Majibu ni yale yale, na sababu iko kwenye siku. 365 ni 5 × 73, na ukiondoa moja ya 73 unaondoa siku 5. 366 ni 6 × 61, na ukiondoa moja ya 61 unaondoa siku 6. Zote mbili zinashuka hadi 360, na kuanzia hapo hesabu ni moja: 360 × 86,400 × 4/15.